Kurudi kwenye vita vya mezani: 40,000, Kill Team, The Old World au sheria za bure?

Anayerudi kwenye vita vya mezani, michezo ya kupigana kwa visanamu na dadu, baada ya miaka mingi huuliza kwanza, "Ninunue nini?" Mimi ningeanza na maswali mengine mawili: una nini tayari, na utacheza na nani? Ulinganisho huu ni wa mtu aliyeacha kati ya 2005 na 2015, mwenye sanduku la visanamu mahali fulani, darini Leicester au mvunguni Mombasa, ambaye siku hizi ana kazi, watoto, na labda jioni moja kwa wiki ambayo haijadaiwa na mtu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua naegemea wapi. Sheria za michezo hii huzeeka haraka, visanamu haviozi. Warhammer 40,000, ile ya bunduki na anga, peke yake imetoa toleo jipya 2012, 2014, 2017, 2020 na 2023. Kitabu ulichonunua 2008 leo ni cha kumbukumbu tu, lakini askari uliyempaka rangi mwaka huohuo bado anasimama mezani na kupiga risasi. Kwa hiyo pesa ningeziweka kwenye visanamu, rangi na meza, na sheria ningechukua za bure kila inapowezekana. Michezo minne hapa chini nimeipima kwa jicho hilo.

Ulipokuwa haupo

Kama jeshi lako lilikuwa la Warhammer Fantasy, la mapanga, safu na vitako vya mraba (kitako ni kibao anachosimamia kisanamu), ujue kwamba dunia yake iliuawa. Games Workshop, kampuni ya Nottingham inayomiliki michezo hii, ilifunga hadithi hiyo 2015 na kuleta Age of Sigmar: vitako vya duara, sheria za kurasa nne, na pointi, yaani bei ya kila kikosi inayosawazisha majeshi, hakuna. Mchezaji mmoja alijirekodi akilitia moto jeshi lake la Dark Elves kwa hasira. Pointi zilirudi mwaka uliofuata, na mchezo wenyewe umefika toleo la nne, la 2024, ukiwa bora kuliko jina baya ulilopata mwanzoni. Kisha Januari 2024 dunia ya zamani ikafufuliwa kwa jina la The Old World. Aliyechoma jeshi lake nadhani anajua.

Kama ulikuwa wa 40,000, mwaka uliokuacha nyuma ni 2017. Toleo la nane lilifuta vitu ulivyovikariri: vile viduara vya plastiki vya mabomu, namba za unene wa chuma mbele na ubavuni mwa kifaru, jedwali la kulinganisha ustadi wa wapiganaji, na ule utaratibu wa silaha kali kuifuta kabisa kinga ya deraya. Sasa kifaru kina ugumu na uhai kama askari yeyote, na silaha kali huipunguza kinga badala ya kuifuta. Toleo la kumi, la Juni 2023, likaondoa na hatua nzima ya nguvu za akili, na likabadilisha hesabu ya jeshi: unalipia kikosi kizima, si silaha mojamoja. Zile jioni za kukata pointi tano hapa ili kumpa sajenti upanga wa umeme zimekwisha. Wapo wanaozililia. Mimi simo, ingawa nakiri kwamba majeshi ya sasa yanafanana mno, kwa kuwa kila mtu hubeba silaha kubwa kuliko zote maadamu haina bei yake.

Space Marines, wale askari wa deraya nzito wa 40,000, nao wamerefuka. Tangu 2017 wanatolewa wa aina mpya, Primaris, na wale wa zamani wakisimama kando yao huonekana kama wadogo zao wa kuzaliwa. Bado wanaruhusiwa mezani katika sehemu kubwa, ila magari na mashujaa wengi wa zamani wamehamishiwa kwenye orodha iitwayo Legends, yenye sheria za bure lakini isiyopendwa kwenye mashindano.

Na rangi. Mwaka 2012 majina yote ya Citadel, rangi za Games Workshop wenyewe, yalibadilishwa, kwa hiyo ukiulizia Devlan Mud utajibiwa kwa tabasamu. Inayokaribia ni Agrax Earthshade. Boltgun Metal sasa ni Leadbelcher, na Chaos Black ni Abaddon Black. Badiliko kubwa zaidi lilikuja 2019 na rangi za Contrast, ambazo hujikusanya penye mashimo na kuwa nyepesi penye vilele, hivyo mkono mmoja wa rangi unatoa kivuli na mwanga kwa pamoja. The Army Painter na Vallejo nao wana za kwao. Mbinu inayoenda nazo ni hii: praima (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine) nyeusi, brashi kavu ya kijivu, brashi kavu ya nyeupe kwenye vilele, kisha Contrast juu. Kikosi cha kumi kinaweza kumalizika wikendi moja na kikapendeza kwa umbali wa meza. Kama ulichokikimbia ni kupaka rangi, hii peke yake ni sababu ya kurudi.

Meza kubwa: Warhammer 40,000

Faida yake ni moja na ni nzito: wapinzani. Ukiwa Manchester, Toronto au Dubai, ukimtafuta mtu wa kucheza naye, kuna uwezekano mkubwa anacheza hii. Hakuna mchezo mwingine hapa unaokaribia.

Gharama zake ni nyingi zaidi. Pambano la kawaida la pointi 2,000 linahitaji meza ya inchi 60 kwa 44, yaani kama sentimita 152 kwa 112, na saa tatu kama wote wawili wanajua wanachofanya. Anayerudi hajui, kwa hiyo weka nne. Sheria za msingi zinapakuliwa bure, na pointi nazo hutolewa bure na kurekebishwa mara kadhaa kwa mwaka. Lakini kila jeshi lina codex yake, yaani kitabu cha sheria zake, Uingereza ni zaidi ya pauni 30, na hiki ndicho kitu kinachozeeka haraka kuliko vyote: unakinunua leo, baada ya miezi michache nusu ya namba zimerekebishwa, na toleo jipya likija kinakuwa karatasi. Tangu 2014 matoleo yamekuwa yakipishana kwa miaka mitatu. Hesabu kuanzia 2023, na kama uko karibu na mwaka wa mabadiliko, funga pochi usubiri.

Mchezo wenyewe sasa ni wa kushikilia sehemu za uwanja kuliko wa kuua. Mnacheza raundi tano, mnavuta kadi zinazokupa kazi za ghafla, na aliyemfagia mwenzake hadi mtu wa mwisho anaweza bado kushindwa kwa pointi. Kuna hata pointi 10 kati ya 100 za jeshi lililopakwa rangi. Anayetoka enzi za "tuue kisha tuhesabu maiti" hushangaa mwanzoni, kisha wengi huona ni bora, maana jeshi dhaifu linabaki na la kufanya hadi raundi ya mwisho. Kinachochosha ni zile mbinu za papo kwa papo zinazolipiwa kwa pointi za amri. Kila upande una zake, na mpinzani anaweza kukutolea moja uliyokuwa hujawahi kuisikia wakati umeshasogeza kikosi chako mahali pabaya.

Kuna mlango mdogo wa kuingilia: Combat Patrol. Sanduku moja kila upande, karibu pauni 100 Uingereza, sheria zake za bure, meza nusu ya ile kubwa, na hakuna kupanga jeshi kwa sababu kilichomo sandukuni ndicho unachocheza nacho. Kwa mgeni kabisa ni mlango mzuri. Kwa anayerudi una kasoro: sanduku lako la zamani halihesabiki, kwa kuwa orodha imefungwa kwa visanamu vya sanduku jipya. Age of Sigmar ina cha aina hiyo, kinaitwa Spearhead, na mimi nakiona kimetengenezwa vizuri kuliko Combat Patrol. Ukiwa huna chochote na unapenda mapanga kuliko bunduki, anza hapo, huhitaji kusoma zaidi.

Kill Team

Dunia ni ileile ya 40,000, lakini badala ya jeshi una kikosi kimoja, kwa kawaida cha watu sita hadi kumi na nne. Meza ni inchi 30 kwa 22, yaani inaenea juu ya meza ya kulia chakula na sahani zikabaki upande mmoja. Hakuna kusogeza jeshi zima wakati mwenzako anachezea simu: mnapokezana mtu kwa mtu, kama kwenye drafti, na hilo hubadilisha kila kitu. Ukimtoa mtu wako kwenye kona, mpinzani anajibu hapohapo.

Toleo la sasa ni la 2024. Lile la 2021 lilikuwa na kituko cha kupima umbali kwa maumbo, pembetatu inchi moja, duara mbili, mraba tatu, na watu wazima wakawa wanaulizana darasa la maumbo mezani. Limerudi kwenye inchi za kawaida. Sheria za vikosi zinapatikana bure, na hapo ndipo Kill Team inapopata alama nyingi kwenye kipimo changu: kikubwa unacholazimika kununua ni visanamu, navyo labda unavyo. Space Marines sita wa zamani wanaweza kuwa kikosi cha Angels of Death. Chaos Marines sita wanakuwa Legionaries. Orks waliojaa mvunguni wanageuka Kommandos ukimpata rafiki asiye na ubishi kuhusu nani ameshika nini.

Usidanganyike kwamba udogo ni urahisi. Sheria za nani anamwona nani, nani amejificha na nani yuko wazi ni za kisheria hasa, na pambano la kwanza utalicheza kitabu kikiwa wazi. Pia unahitaji majengo na kuta nyingi kwa eneo dogo; meza tupu inaua mchezo huu kwa dakika kumi. Maboksi ya viatu yaliyopakwa kijivu yanatosha kwa kuanzia, na asikuambie mtu vingine.

The Old World

Huu ndio mchezo wa mwenye vitako vya mraba, na hapa uchoyo wa kawaida wa kampuni umepungua kwa namna ya ajabu. Majeshi kama Bretonnia na Tomb Kings yalirudishwa kwa kiasi kikubwa kwa visanamu vilevile vya zamani. Maana yake ulichonacho sandukuni ni kilekile kinachouzwa leo kama kipya.

Ukifungua kitabu, chenye kurasa zaidi ya 300, utajisikia nyumbani: safu, bendera, mpiga ngoma, kugeuka kwa kikosi kunakopimwa kona kwa kona, na mashambulizi ya ubavuni yanayoamua vita. Kilichobadilika kinaelezeka haraka. Uchawi hauna tena zamu yake peke yake. Kila aina ya uchawi hufanyika katika hatua inayouhusu, kwa hiyo ule mkwamo wa mchawi mmoja kuigeuza meza nzima umepungua. Aliyeshindwa mapambano naye si lazima akimbie moja kwa moja, anaweza kusukumwa nyuma au kurudi kwa mpango.

Kuna mambo mawili ya kuuma. La kwanza ni vitako. Binadamu waliokuwa kwenye milimita 20 sasa wako 25, Orcs wametoka 25 hadi 30, na wapanda farasi kutoka 25 kwa 50 hadi 30 kwa 60. Usikimbilie kubandua jeshi zima. Zinauzwa trei zenye nafasi zilizopimwa ili kisanamu cha kitako kidogo kishike upana wa kitako kikubwa, na mwenye kisu na kadibodi nene anaweza kukata zake. La pili ni kwamba majeshi saba, yakiwemo Skaven, Lizardmen, Vampire Counts na Dark Elves, yalipewa orodha za bure za kupakua mara moja na kuachwa hivyo. Mezani kwa rafiki hayana tatizo. Kama ndoto yako ni mashindano, uliza kwanza kama yanapokelewa.

Ukubwa wa jeshi ndio utakaoamua. Watu 60 hadi 100 ni kawaida, meza ni futi sita kwa nne, na jioni nzima inakwenda. Kwa mwenye jeshi lililokwisha kupakwa rangi, huu ndio mchezo wa kwanza ningemshauri. Kwa asiyekuwa nalo, ni wa mwisho.

Sheria za bure: One Page Rules

One Page Rules ni watunzi wa sheria, na hawakulazimishi kununua kisanamu chochote. Grimdark Future ni ya bunduki na anga, Age of Fantasy ni ya mapanga, na zote zina sheria za msingi za bure zinazoenea kwenye kurasa chache, orodha za majeshi za bure, na chombo cha mtandaoni cha kupangia jeshi nacho bure. Askari ana namba mbili tu: ubora wake na kinga yake. Vikosi vinapokezana zamu, raundi ni nne, na baada ya saa mbili mmemaliza na kubishana.

Majina ya majeshi yamebadilishwa, lakini ukiyasoma utayatambua. High Elf Fleets na Battle Brothers (yaani Space Marines) hayamfichi mtu. Jeshi lako la 2006, likiwa na magari yaliyofutwa kwingine na visanamu vya chuma visivyouzwa tena, linaingia lote. Ndiyo maana kwa wawili walioacha pamoja na wanaorudi pamoja, ndugu wawili au marafiki wa shule, mimi sioni sababu ya kuanzia penginepo. Upungufu wake upo: vikosi vya pande tofauti vinahisika kama vya mama mmoja, ladha ya hadithi ni nyepesi, na kumpata mgeni dukani anayeucheza ni bahati. Unamleta mpinzani wako mwenyewe.

Kwa ufupi wa macho

| | Warhammer 40,000 | Kill Team | The Old World | Grimdark Future |
|---|---|---|---|---|
| Visanamu | 40–80 hivi | 6–14 | 60–100 | 20–50 |
| Meza (sm) | 152 × 112 | 76 × 56 | 183 × 122 | 183 × 122 |
| Muda | saa 3–4 | saa 1–1½ | saa 3 | saa 2 |
| Sheria | msingi bure, codex kwa pesa | vikosi bure | vitabu kwa pesa | msingi bure |
| Kisanamu cha zamani | wengi, si wote | kwa baadhi ya vikosi | karibu wote | wote |
| Kupata mpinzani | rahisi | wastani | wastani | umlete mwenyewe |

Kama hadithi za kubuni zimekuchosha

Niseme kidogo kuhusu Bolt Action, ingawa si wa familia hii. Ni Vita vya Pili vya Dunia, visanamu vya milimita 28, toleo la tatu la 2024, na mmoja wa waandishi wake wa mwanzo, Rick Priestley, ndiye aliyeandika 40,000 ya kwanza. Dadu za amri za pande zote huwekwa mfukoni na kuvutwa mojamoja, kwa hiyo hujui zamu ijayo ni ya nani. Nautaja kwa sababu ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki. Askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana Ethiopia 1941, Madagascar 1942, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikashuka bonde la Kabaw huko Burma 1944 katikati ya masika hadi mto Chindwin. Miili ya askari wa Kiingereza wa msituni, vichwa vyenye kofia pana, rangi ya ngozi uliyoichanganya wewe, na una kikosi ambacho babu wa mtu angekitambua. Kwangu hilo lina uzito kuliko Space Marine yeyote, ila ni ladha yangu.

Ningechagua hivi

Mvunguni mna Space Marines au Orks, na karibu nawe kuna duka au klabu: Kill Team miezi michache, kisha 40,000 ukishajua kama hamu ni ya kweli. Vitako vya mraba na rangi tayari: The Old World, bila kujadili. Sanduku mchanganyiko na rafiki mmoja wa zamani: One Page Rules wiki hii hii. Huna kitu na unataka kujaribu na mtoto wako: Spearhead, mkigawana pande. Ukiwa peke yako, huna mpinzani wala klabu, nunua sanduku moja unalolipenda kwa macho na upake rangi. Kuna watu wanaishi ndani ya mchezo huu miaka bila kurusha dadu, na hawana kasoro.

Printa ya 3D inaingia katika hesabu yoyote kati ya hizi, hasa ukiwa mbali na maduka na kila kifurushi ni cha kuvuka bahari. Za rezini hutoa visanamu vizuri kweli. Lakini rezini mbichi ina mvuke na inaunguza ngozi, inataka glavu, dirisha wazi na chumba asicholala mtu, na matukio ya Games Workshop wenyewe hayapokei visanamu vilivyochapwa. Kwenye meza ya nyumbani hakuna anayeuliza.

Kabla ya kununua lolote, okoa vya zamani. Rangi nene ya utotoni inatoka kwa kuloweka kwenye Dettol usiku mmoja na kusugua kwa mswaki mkuukuu, chuma na plastiki. Suuza kwa Dettol nyingine kwanza, si kwa maji: maji yakigusa rangi iliyolainika, inageuka utelezi unaonata kama ulimbo. Visanamu vya rezini vya 2011 na baadaye vijaribu kwanza kwenye kipande kimoja. Vya chuma vya miaka ya 1980 mara nyingi vina madini ya risasi, kwa hiyo usivipige tupa kavu na uoshe mikono kabla ya kula. Gundi ya plastiki ni ya plastiki tu. Chuma na rezini vinataka supaglu.

Kwa walio pwani, iwe Tanga au Muscat, praima za kopo la kupuliza zina shida mbili: ndege za mizigo hazizipendi, na unyevunyevu mwingi huziacha na ukungu mweupe juu ya kisanamu. Agiza praima ya kupaka kwa brashi. Inachukua muda zaidi, lakini inafika, na haitegemei hali ya hewa.